Kifaru Si Kiti

Ndani ya Kreta ya Ngorongoro wanaishi vifaru weusi. Katika miaka ya 1960 walihesabiwa zaidi ya 100. Ujangili ukawapunguza, na ilipofika miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache mno. Habari hizo za masikitiko zimekwisha kuandikwa na wengi, nami sitazirudia hapa. Ninalotaka kulitazama ni neno lenyewe, kifaru, kwa sababu ndani ya neno hilo dogo limo swali lililowashughulisha wanasarufi tangu karne ya 19, na watunga programu za kompyuta tangu miaka ya 1950. Je, aina ya kitu tuijue kwa umbo lake, au kwa namna kinavyotenda pamoja na wenzake? Na swali hilo huzaa la pili: tukiona mpangilio wetu wa aina una kasoro, tuupange upya kwa njia gani bila kumwumiza anayeutegemea?

Msomaji anajua kwamba kiti kikiwa kimoja ni kiti, na vikiwa vingi ni viti. Kisu, visu, kikapu, vikapu, kifaru naye, vifaru. Kwa umbo, basi, mnyama huyu amekaa sebule moja na viti na vikapu. Lakini twasema kiti kimevunjika, na papo hapo twasema kifaru amelala, vifaru wamelala. Anayesema "kifaru kimelala" atachekwa, na akiwa mwanafunzi atakatwa alama. Hata hivyo, wakati wa Vita ya Kagera, mwaka 1978 na 1979, nchi nzima ilikuwa ikizungumzia vifaru vya aina nyingine, yale magari ya chuma yenye mizinga. Hao wa chuma hufuata umbo: kifaru kimekwama, vifaru vimevuka. Herufi ni zilezile sita, na aina ni mbili. Ukitazama neno peke yake huwezi kujua lipi ni lipi. Kinachokuambia ni kitenzi kilichofuata.

Sisi tunaoishi upande huu wa Karatu na Ngorongoro tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Ni sehemu chache za Afrika ambako lugha za jamaa zilizo mbalimbali hivi zimekaa karibu namna hii. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, nacho hugawa majina yake katika jinsi tatu: ya kiume, ya kike na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Kimaasai ni cha Kiniloti, na jina la kiume huanza na ol-, la kike na en-. Kidatoga nacho ni cha Kiniloti, lakini cha tawi jingine. Huko Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao ina mgawanyo wa kiume na kike, na ina sauti za kugonga ulimi zinazomshangaza mgeni. Wote hao wakikutana mnadani huongea Kiswahili, lugha ya Kibantu, ambayo haiulizi kama jina ni la kiume au la kike. Huuliza mambo mengine kabisa. Mtoto anayetoka nyumbani na mpangilio mmoja wa aina anafika darasani na kukabidhiwa mwingine.

Hata lugha zenyewe zimewahi kupangwa kwa umbo. Mwaka 1963 mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg aliiweka lugha ya Wahadzabe katika kundi moja na lugha za Wakhoisan wa kusini mwa Afrika, na zile sauti za kugonga ulimi zilikuwa na uzito mkubwa katika fikra hiyo. Leo wataalamu wengi huihesabu kuwa lugha inayosimama peke yake, isiyo na jamaa anayejulikana, kwa kuwa sauti zinafanana lakini maneno na sarufi havionyeshi undugu wa kuaminika. Vitabu viliandikwa upya. Wahadzabe waliendelea kuongea kama walivyoongea siku zote.

Ngeli za Kiswahili nazo zimepangwa na kupanguliwa mara nyingi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi ya lugha hii mwaka 1850. Wilhelm Bleek, katika kitabu kilichotoka sehemu mbili, mwaka 1862 na 1869, alizipa namba ngeli za lugha za Kibantu, umoja ukiwa na namba yake na wingi na yake. Carl Meinhof aliiendeleza kazi hiyo katika vitabu vyake vya 1899 na 1906, na wanaisimu wanazitumia namba hizo mpaka leo: kiti ni ngeli ya 7, viti ni ya 8. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha Kiswahili cha Unguja, akaunganisha umoja na wingi wake na kupata ngeli 8. Mwaka 1944 Bibi Ashton alitoa sarufi iliyotumiwa na walimu kwa miaka mingi, naye alizitaja ngeli kwa viambishi vya majina: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA na nyinginezo.

Watu hawa hawakuwa vipofu. Mambo ya kifaru waliyaona. Steere na Ashton wote wawili walieleza kwamba majina ya viumbe hai hufuata upatanisho wa ngeli ya watu. Lakini kwa kuwa sebule zao zilipangwa kwa umbo, maelezo hayo yalihitajika kila chumba. Katika KI-VI kulikuwa na kifaru na kiboko. Katika M-MI alikuwamo mtume, ambaye wingi wake ni mitume. Katika JI-MA alikuwamo waziri, yaani mawaziri. Katika ngeli ya N walijaa simba, nyumbu, twiga na pundamilia, nusu ya Ngorongoro nzima. Kila ngeli ilibeba onyo lilelile: isipokuwa viumbe hai. Mwalimu aliyesahau kulitoa onyo hilo katika chumba kimoja alimwacha mwanafunzi wake aingie shimoni.

Baadaye wanasarufi wetu wa Afrika Mashariki walichukua njia ya pili. Waliacha kuuliza jina linaanzaje, wakauliza linapatanaje na kitenzi. Ndiyo maana vitabu vingi vya shule vinataja A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI na kadhalika. Kwa mpango huu mtu, kifaru, mtume, waziri na simba wote wamo katika A-WA. Onyo lililokuwa likirudiwa katika kila chumba limeandikwa mara moja tu, mlangoni. Hakuna Mswahili aliyelazimika kubadili hata sentensi moja. Kilichobadilika ni mpangilio wa ndani, na matokeo ya nje yakabaki yaleyale.

Sasa twende kwenye mashine, maana huko nako kuna ngeli. Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya mtunga programu na kuyageuza yawe amri ambazo kompyuta inaweza kuzitekeleza. Kabla ya kuyageuza, hapana budi ijue kila jina lililoandikwa linasimamia kitu cha aina gani: namba kamili, namba yenye desimali, herufi, au mkusanyiko wa vitu kama hivyo. Hupita katika maandishi ikiuliza kama kitendo kinapatana na kitu kilichotajwa. Kisipopatana hukataa, kama mwalimu anavyokataa "kiti amevunjika".

Historia ya kazi hiyo imefuata njia inayofanana mno na ya ngeli. Mwaka 1952 Grace Hopper wa Marekani alikuwa amekwisha kutengeneza programu aliyoiita A-0, ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa mwanzo wa kompaila. Mwaka 1957 kikundi kilichoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM kilitoa kompaila ya lugha ya Fortran. Katika Fortran ile ya kwanza, aina ya jina ilijulikana kwa herufi yake ya mwanzo. Jina lililoanza na I, J, K, L, M au N lilikuwa la namba kamili. Lililoanza na herufi nyingine lilikuwa la namba yenye desimali. Msomaji ataona mara moja kwamba hii ni ngeli ya kiambishi: tazama mwanzo wa neno, utajua sebule yake. Ilikuwa njia nyepesi, lakini iliwafunga watu kuchagua majina kwa herufi badala ya maana. Mwaka 1960 kamati ya wataalamu wa Ulaya na Marekani ilitoa maelezo ya lugha ya Algol 60, na humo mtunga programu alitakiwa kutangaza aina ya kila jina waziwazi kabla ya kulitumia. Umbo likaacha kuwa shahidi.

Kisha aina zikaanza kubeba aina nyingine ndani yake. Lugha kama Pascal, iliyotolewa na Niklaus Wirth mwaka 1970, na C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie katika miaka hiyo hiyo ya 1970, ziliruhusu mtu atunge aina zake mwenyewe: orodha ya namba, orodha ya orodha, rekodi yenye jina na umri na orodha ya watoto. Kompaila ikitaka kujua lolote juu ya aina kama hiyo, lazima iifungue, iingie ndani, ifungue tena kilichomo, mpaka ifike chini kabisa. Safari hiyo ya kuingia na kutoka ndiyo kazi ninayotaka kuieleza.

Tuseme lori limetoka Mang'ola na vitunguu, likasimamishwa kizuizini kabla ya kuingia Karatu mjini. Ndani ya lori mna magunia, ndani ya gunia mna mifuko, ndani ya mfuko mna vitunguu. Afisa wa ushuru anataka idadi. Bwana shamba anatafuta vitunguu vilivyooza. Mtu wa mizani anataka uzito. Kila mmoja anapanda lori kwa zamu yake, anafungua magunia yote, anayafunga tena na kushuka. Kazi inakwenda, ila ni ndefu. Siku moja mkulima analeta vitunguu katika tenga. Afisa wa ushuru na mtu wa mizani wamefundishwa namna ya kufungua tenga. Bwana shamba hakuambiwa. Analipita tenga bila kulitazama, na vitunguu vibovu vinaingia sokoni. Hakuna aliyefanya uzembe. Ujuzi wa kufungua mzigo uliwekwa mahali patatu, nao ukarekebishwa mahali pawili.

Ndivyo zilivyokuwa kompaila nyingi zilipokua kubwa. Sehemu moja ilitembea ndani ya aina ili kulinganisha aina mbili, nyingine ili kuiandika aina kwa maneno mwanadamu asome, nyingine ili kubadilisha kilichomo. Kila sehemu ilijifungulia magunia yenyewe. Ilipoongezwa aina mpya katika lugha, zilitakiwa kurekebishwa zote, na iliyosahauliwa ilikaa kimya mpaka siku ya kuleta madhara.

Dawa iliyopatikana ni kumweka mchukuzi mmoja. Yeye peke yake ndiye anayejua kufungua lori, gunia, mfuko na tenga. Maafisa wanasimama chini, na kila mmoja anamwambia amwite akifika kwenye kitu anachokitaka. Likija chombo kipya, anafundishwa mchukuzi tu. Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walitoa kitabu cha mipango ya namna hii, na mmojawapo wakauita kwa neno lenye maana ya mgeni, kwa kuwa kila afisa ni kama mgeni anayepokelewa na kila kitu kwa zamu. Miaka miwili kabla yake, William Opdyke alikuwa amemaliza tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Illinois juu ya kupanga upya programu zilizokwisha kuandikwa, na mwaka 1999 Martin Fowler akaitangaza kazi hiyo kwa watu wengi kwa kitabu chake. Sharti lao ni moja: badili mpangilio wa ndani, usibadili tabia inayoonekana nje.

Lakini mpangilio mpya nao una deni lake. Mwaka 1998 Philip Wadler alilipa jina tatizo ambalo watunga lugha za kompyuta walikuwa wakilijua. Ukipanga kwa aina, ni rahisi kuongeza aina na vigumu kuongeza kazi. Ukipanga kwa kazi, ni rahisi kuongeza kazi na vigumu kuongeza aina. Mzigo haupotei, unahamia bega la pili. Ngeli zetu zilionyesha jambo hilohilo. Mpango wa A-WA uliondoa lile onyo la viumbe hai, lakini sasa anayetaka kujua wingi ndani ya A-WA anakutana na watu, vifaru, mitume, mawaziri na simba, kila mmoja na njia yake. Mpango wa umbo ulikuwa ukimjibu swali hilo bila taabu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa mbacha wa Steere una kazi yake bado.

Njia hizi mbili, ya ngeli na ya mashine, zilikutana mbali na kwetu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kompyuta kuingizwa nchini, na katika miaka iliyofuata ni wachache waliokuwa na nafasi ya kuigusa. Huko Ufini, Kimmo Koskenniemi alitoa mwaka 1983 njia ya kuifanya kompyuta ichambue maneno yenye viambishi vingi, na kuanzia 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia kwa Kiswahili. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1992. Programu ya namna hii, kama kompaila, lazima itembee ndani ya neno: katika "wamelala" itoe wa-, -me- na shina. Na ikikutana na kifaru lazima ibebe habari mbili kwa pamoja, kwamba wingi wake hufuata KI-VI na upatanisho wake hufuata A-WA. Mpango wa Steere na ule wa leo, vyote viwili, vinahitajika ndani ya mashine moja.

Hapa ndipo ninapoona hatari, na ni hatari ya leo, wakati simu na mashine za kutafsiri zinazungumza Kiswahili na watu ambao hawakukipata kwa mama zao. Tuseme fundi ameona kanuni ya viumbe hai imerudiwa mahali kumi, naye kwa nia njema akaandika moja: uliza kwanza kama kina uhai, kikiwa nao, tumia huyu na hawa, a- na wa-, wangu kwa mmoja na wangu kwa wengi. Akazifuta zile kumi. Akijaribu "kifaru amelala" itakuwa sawa. "Simba wamelala" itakuwa sawa. Kisha mashine itasema "rafiki wangu" na "baba wangu", na kila Mswahili atajua kuna mgeni mlangoni, maana sisi husema rafiki yangu, baba yangu.

La ng'ombe ni zito zaidi. Neno ng'ombe halibadiliki kwa wingi. Mfugaji wa Kidatoga au wa Kimaasai akisema Kiswahili chema kuwa "ng'ombe wangu" ana mmoja. Akisema "ng'ombe zangu" ana wengi. Hiyo z- ndiyo inayobeba hesabu. Fundi aliyeifuta kwa kuwa ilionekana kama uchafu wa sarufi ya zamani amefuta tofauti ya mnyama mmoja na zizi zima. Katika barua ya madai, katika taarifa ya wizi, katika mapatano ya mahari, tofauti hiyo ni mali ya mtu. Halafu yuko "kitoto kile kinalia", ambapo msemaji amekusudia udogo, na mashine ya kanuni moja itamsahihisha asiye na kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kuziunganisha safari kumi ziwe moja, kila tofauti iulizwe imetoka wapi. Nyingine ni usahaulifu, kama wa bwana shamba na tenga lake, nazo zifutwe. Nyingine zimewekwa na watu wenye sababu, nazo zibebwe mpaka ndani ya mpango mpya. Watunga kompaila wenye busara hutunza mamia ya programu ndogo za majaribio, na baada ya kila badiliko huziendesha zote, waone kama majibu ni yaleyale ya jana. Sisi tunaofundisha na kuandika Kiswahili tunayo majaribio bora kuliko hayo: wasemaji wenyewe, mnadani, zizini na nyumbani. Mpango wowote wa ngeli unaowafanya hao waonekane wamekosea, huo ndio wenye kosa.

Na mtoto wa Karatu atakayeulizwa katika mtihani kifaru ni wa ngeli gani, apewe nafasi ya kuuliza kwanza: kwa kigezo gani? Akijibu KI-VI kwa umbo, ana ushahidi wa miaka mingi nyuma yake. Akijibu A-WA kwa upatanisho, anao pia. Alama ipewe ile akili iliyojua kwamba kuna vigezo viwili, na kwamba mnyama aliyeko kule kretani amelala, wala hakimelala.